Kufuli la wino limehama kutoka kwenye katriji hadi kwenye sponji

Tarehe 13 Septemba 2016, printa za HP za familia ya OfficeJet zilianza kukataa katriji ambazo hadi jana yake zilikuwa zikichapa bila shida. Wenye printa hawakuwa wamegusa kitu. Programu ya ndani ya mashine, iliyoingia miezi kadhaa nyuma kupitia sasisho la kawaida, ilikuwa imebeba tarehe hiyo. Siku ilipotimia, katriji yenye chipu isiyotoka HP ikasomeka kuwa mbovu. Kabla mwezi haujaisha kampuni iliomba radhi kwa namna ilivyowaarifu wateja wake, ikaahidi sasisho la hiari la kuondoa kizuizi. Utaratibu wenyewe haikuuacha. Desemba 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia iliipiga HP faini ya euro milioni 10, na lawama kubwa ilikuwa kwamba wanunuzi hawakuelezwa waziwazi kwamba printa imefungwa. Kufunga kwenyewe hakukukatazwa.

Huku kwetu ubishi wa wino una kambi mbili. Ya kwanza, ya wauza mashine na maofisa manunuzi, inasema ukitaka amani weka orijino. Ya pili inasema makampuni ni wezi, basi. Kambi ya kwanza ina maneno ya kitaalamu na ya pili ina hasira tu, kwa hiyo yule anayejaza wino kwa sindano kwenye kibanda chake anaishia kuonekana mhuni anayeua mashine za watu. Nadhani hajatendewa haki.

Sokoni kuna bidhaa nne ambazo watu huzichanganya, na wengine huzichanganya kwa makusudi. Kuna orijino. Kuna feki, yaani iliyobandikwa jina la HP au Canon wakati haikutoka huko. Huo ni udanganyifu, na Tume ya Ushindani ya Tanzania (FCC) au mamlaka ya Kenya ya kupambana na bidhaa bandia zikiikamata zinafanya kazi yake. Kuna mbadala, iliyotengenezwa na kiwanda kingine, ina jina la kiwanda hicho, na inaeleza inaingia kwenye printa gani. Mwisho kuna katriji orijino uliyoinunua mwenyewe, ikaisha, ukaiongeza wino. Hizi mbili za mwisho si feki hata kidogo. Muuzaji anayekuonyesha tona (wino wa unga wa printa za leza) yenye jina la kiwanda chake halali na kuiita feki anamfanyia kazi mshindani wa kiwanda hicho bila malipo.

Viwanda vina hoja, na mbili kati yake zina uzito. Kwenye katriji ndogo za HP kama 123, 652 na 305, nozeli, yaani vitundu vya kurushia wino, ziko kwenye katriji yenyewe. Nyuma ya kila nozeli kuna kihita kidogo mno kinachochemsha wino hadi urushe tone, na wino huohuo ndio unaokipoza. Ukiendelea kuchapa wakati wino umekwisha, vihita vinaungua. Ndiyo maana katriji iliyojazwa baada ya kukauka kabisa hutoa mistari myeupe isiyopona hata uisafishe mara 10. Kosa jingine ni la aina ya wino: katriji nyeusi za HP za daraja hili zimeundwa kwa wino wa pigimenti, yaani wenye chembe za rangi zisizoyeyuka, ilhali chupa nyingi za bei ya chini ni wino wa rangi iliyoyeyuka. Ukivichanganya ndani ya sponji moja ya katriji, wino unaweza kuganda. Kwa Epson hedi, yaani sehemu yenye nozeli, imefungwa kwenye mashine, na ikiziba kabisa gharama yake inakaribia kukufanya ufikirie printa nyingine.

Yote hayo ni kweli, lakini ni makosa ya ujazaji mbaya. Anayejua kazi anajaza mara maandishi yanapoanza kufifia, hasubiri karatasi itoke tupu. Sindano inashushwa hadi katikati ya sponji, wino unasukumwa polepole, na wino ukionekana tunduni anaacha na kunyonya kidogo ili hewa ipate nafasi. Kwenye katriji ya rangi tatu, anachovya kijiti katika kila tundu kwanza aone rangi gani iko wapi, kwa sababu mpangilio hutofautiana kati ya katriji na katriji. Kisha anafuta nozeli kwa tishu iliyoloweshwa maji ya uvuguvugu hadi zitoke alama safi, anaiacha itulie, anachapa ukurasa wa majaribio. Kompyuta itaendelea kudai kwamba katriji ni tupu, maana kinachosomwa pale ni hesabu ya matone, si wino uliomo. Anabonyeza sawa na kuendelea.

Kuhusu kama chipu inahusika na ubora wa uchapaji, ushahidi mzuri kuliko wote aliutoa mtengenezaji mwenyewe. Mwanzoni mwa 2022, uhaba wa chipu duniani uliifanya Canon ishindwe kuweka chipu kwenye tona za baadhi ya mashine zake kubwa za ofisini. Mashine zikaanza kuzikataa tona za Canon zilizotoka Canon. Tawi la Ujerumani likalazimika kuwaeleza wateja jinsi ya kuupita ujumbe wa onyo, na likaongeza kwamba tona isiyo na chipu haiathiri ubora wa uchapaji. Kinachoweza kupotea ni kipimo cha tona iliyobaki. Maelezo kama hayo, yakitoka kwa fundi wa mtaani, yangeitwa upotoshaji.

Sasa hesabu, ambayo ndiyo kiini cha jambo lenyewe. Katriji nyeusi ya HP 305 ina wino wa takriban mililita 2, na HP inasema inatoa kurasa 120 hivi. Chupa nyeusi ya Epson 103, inayotumika kwenye L3110 na ndugu zake, printa za tenki linalojazwa wino kwa chupa, ina mililita 65 na Epson inaipa kurasa 4,500. Gawanya. Katriji inatumia mililita 0.017 kwa ukurasa, chupa inatumia 0.014. Ni karibu sawa. Yaani ule wino wa katriji unaolindwa kwa chipu, programu na masasisho hauchapi kurasa nyingi zaidi kwa kila tone. Kwa mililita, unachapa pungufu kidogo.

Hesabu hiyo ina kasoro zake. Njia za kupima kurasa za makampuni hayo mawili si zilezile. Chupa ya kwanza ya tenki hupotea kwa sehemu kujaza mirija. Na katriji ya HP inakuja na hedi mpya kila mara, hivyo si wino pekee unaoulipia. Hata hivyo, mchukue mwenye steshenari anayechapa kurasa 100 kwa siku, siku 26 za mwezi. Ni kurasa 2,600. Kwa katriji 305 anahitaji 22. Kwa chupa hajamaliza hata moja. Wino uliomo ndani ya katriji zote hizo 22 ni mililita 44, usiojaza kikombe cha kahawa ya mtaani. Kilichobaki ni plastiki 22, sakiti 22 na masanduku 22 yaliyosafirishwa kwa meli na kulipiwa ushuru. Hedi 22 zinatupwa, nyingi bado nzima, kwa sababu tu sponji yake imekauka. Mjaza wino anazirudisha hizo kazini mara kadhaa kila moja. Nikiulizwa nani kati yake na kiwanda anafuja mali, jibu haliko mbali.

Hoja ya pili yenye uzito ni ya bei. Januari 2024 mkuu wa HP wa wakati huo, Enrique Lores, aliiambia televisheni ya CNBC kwamba kila printa wanayouza ni uwekezaji juu ya mteja, na mteja asiyechapa vya kutosha au asiyetumia wino wao ni uwekezaji mbaya. Wengi walikasirika. Mimi naona alisema kweli kwa uwazi unaopaswa kuandikwa kwenye boksi. Printa rahisi inauzwa kwa bei isiyorudisha gharama, wino ndio unaolipa. Na mpango huo una wanaoufaidi: familia inayochapa kurasa 10 kwa mwezi. Tenki likikaa wiki nyingi bila kazi hedi inakauka, na kuizibua ni gharama. Katriji ikikauka, unanunua nyingine na hedi mpya imo ndani. Kwa mtu huyo printa rahisi si mtego. Anayeumia ni yule anayechapa sana na hakuambiwa hesabu mapema, na kwa mikoa yetu, ambako printa moja inahudumia mtaa mzima, huyo ndiye mteja wa kawaida.

Soko lilishamjibu mteja huyo, na jibu lilitoka nchi zinazofanana na zetu. Oktoba 2010 Epson ilianza kuuza printa zake za kwanza za tenki kubwa nchini Indonesia. Haikuwa hisani. Mafundi wa huko walikuwa tayari wakizibadilisha printa za katriji kwa kuzifungia mirija na chupa za nje, na wino wa kampuni ukawa haununuliwi. Epson ikakubali kupandisha bei ya mashine na kushusha ya wino. Ulaya na Marekani walizipata miaka kadhaa baadaye. Canon na HP wakafuata na tenki zao. Kwa hiyo kila L3210 au L3250 iliyoko dukani leo ni mtoto wa wale walioitwa waharibifu wa mashine. Ushindani uliofanya hivyo ulitoka kwa watu wenye sindano na mirija, na kama kufuli la programu lingekuwa gumu kiasi cha leo mwaka 2008, sioni tenki zingetokea wapi.

Hata tenki halikuja bila kufuli. Matoleo ya mwanzo kama L200 na L355 yalitaka uingize namba iliyokuwa kwenye chupa kila unapojaza, ili kaunta ya wino, yaani hesabu ya wino uliobaki, irudi juu. Mafundi wakagawana namba, baadaye Epson ikaliachia hilo kwenye mashine hizi za kawaida. Lakini kuna kaunta nyingine iliyobaki, nayo ndiyo inayozima steshenari nyingi sasa.

Printa inaposafisha hedi, wino unapampwa kwenda kwenye sponji iliyo chini au nyuma ya mashine. Hakuna kitambuzi kinachopima kama sponji imelowa. Programu inajumlisha makadirio ya kila usafishaji. Jumla ikifika kikomo, mashine inagoma. Kwenye L3110 taa ya karatasi na taa ya wino zinawaka kwa kupokezana, na kompyuta inasema sponji imemaliza muda wake. Matangi yamejaa, hedi nzima, kazi haiendi. Steshenari inayosafisha hedi kila asubuhi kwa mazoea inafika hapo haraka kuliko inayosafisha pale tu mistari inapotokea.

Kiwanda kina sababu ya kuweka kaunta hiyo. Sponji ikijaa kweli, wino unamwagika mezani na kuingia kwenye sakiti, na printa iliyolowa wino chini hairekebishiki kwa urahisi. Onyo ni jambo jema. Tatizo ni kwamba kazi ya mikono ni nyepesi na ruhusa ndiyo ngumu. Nyuma ya L3110, upande wa kulia, kuna kifuniko chenye skrubu moja. Unakifungua, unavuta kisanduku cha sponji, unachomoa mrija, unaziosha sponji hadi maji yatoke meupe, unazianika zikauke kabisa na kurudisha. Wengine hurefusha mrija hadi kwenye chupa iliyokaa chini ya usawa wa printa, wanaimwaga ikijaa. Baada ya hapo mashine ni salama kabisa, ila haijui, na kuijulisha kunahitaji programu ya huduma ambayo mteja wa huku hapewi.

Amerika Kaskazini Epson hutoa bure programu ya kurudisha kaunta, ya Windows, inayofanya kazi mara moja tu kwa kila mashine. Huku una njia tatu: kituo rasmi, kama kipo karibu, kununua namba ya kufungulia kwa watu wa pembeni, namba moja kwa mara moja, au kupakua nakala ya wizi ya programu ya fundi wa kiwanda. Hiyo ya tatu ndiyo inayotumika zaidi vichochoroni, na maelekezo yake huanza kwa kukwambia uzime kinga ya virusi. Fikiria kompyuta inayozimwa kinga hiyo. Ni ileile yenye skani za vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa na mikataba ya viwanja ya mtaa mzima. Makampuni yanasema kufuli ni kwa ajili ya usalama wa mteja. Hapa kufuli ndilo linalomfanya mteja aingize programu asiyoijua kwenye mashine yenye siri za watu.

Ipo kazi ya hovyo hapa pia, na siitetei. Kuna fundi anayerudisha kaunta na kuondoka bila kugusa sponji. Miezi michache baadaye wino unatiririka mezani, na lawama inakwenda kwa wino wa mbadala. Ukimlipa mtu kwa kazi hiyo, mwambie akuonyeshe sponji.

Kuna suluhisho lililo wazi, na Epson yenyewe inalo. Mashine za juu zaidi kama L6170 zina kisanduku cha wino mchafu ambacho mtumiaji anakichomoa na kuweka kingine bila fundi. Kwa nini za chini hazina, wakati ndizo zinazofanya kazi ngumu? Pengine ni bei ya kutengeneza. Ila kisanduku hicho nacho kina chipu, hivyo ukiosha sponji yake mashine bado itataka kipya. Ufaransa, ambako kufupisha maisha ya bidhaa kwa makusudi ni kosa la jinai tangu 2015, chama cha HOP, kinachopinga mtindo huo, kiliishitaki Epson pamoja na watengenezaji wengine mwaka 2017 kwa mambo ya namna hii, na waendesha mashtaka wakaanza uchunguzi.

Upande wa sheria, kesi ya kuijua ni ya Lexmark, mtengenezaji wa printa. Kampuni hiyo iliuza tona kwa punguzo kwa sharti kwamba zisijazwe tena, kisha ikawashitaki waliozijaza kwa kuvunja hataza, yaani haki ya mvumbuzi. Mei 2017 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba hataza inaisha nguvu bidhaa inapouzwa, hata kama iliuzwa nje ya nchi. Ushindi mkubwa kwa wajazaji, wenye pengo moja: mahakama ilisema huwezi kushitakiwa kwa kuvunja hataza kwa sababu umejaza, haikusema mashine haiwezi kukataa ulichojaza. Kilichoshindwa mahakamani kikaendelea ndani ya programu. Tume zetu za ushindani zingeweza kuanza na jambo dogo kuliko kupiga marufuku: boksi liseme kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka, kama printa inakataa chipu za wengine, kama inadai intaneti ili ichape, na nani anaweza kurudisha kaunta ya sponji. Printa za HP zilizouzwa na mpango wa HP+, nyingi zikiwa na herufi e mwisho wa jina, zinahitaji akaunti, intaneti na wino wa HP maisha yake yote; ukishaukubali mpango huo wakati wa kuwasha mara ya kwanza, hakuna kurudi. Mnunuzi wa Kariakoo au Luthuli Avenue ya Nairobi anastahili kulijua hilo kabla hajatoa hela.

Linabaki swali la masasisho, na hapo ndipo ninapowaelewa zaidi watu wa viwandani. Mwaka 2021 watafiti wa F-Secure, kampuni ya usalama wa kompyuta, waligundua tundu kwenye printa za HP za zaidi ya modeli 150, lililomwezesha mshambuliaji kuiteka mashine kwa hati iliyotengenezwa kwa hila. Dawa yake ilikuwa sasisho. Anayezima masasisho ili kulinda katriji zake anajinyima dawa hiyo pia, kwa sababu kizuizi cha chipu na kiraka cha usalama vinaweza kusafiri kwenye faili moja. Makampuni yangeweza kuvitenganisha na hayajafanya hivyo, kwa hiyo gharama ya uchaguzi huo imebebeshwa mwenye printa.

Kwa printa ya steshenari inayotumia kompyuta moja, njia salama ni waya wa USB bila Wi-Fi, masasisho ya moja kwa moja yakiwa yamezimwa. Kwa ofisi yenye printa kwenye mtandao, ningeacha masasisho na kununua mashine ya tenki isiyo na chipu tangu mwanzo. Kwa HP za katriji, andika anwani ya printa kwenye kivinjari, ingia kwenye mipangilio, tafuta ulinzi wa katriji na uuzime. Huo hauzuii wino wa mbadala. Unafunga katriji yako orijino kwenye printa hiyo moja, isifanye kazi kwenye nyingine wala isifae kwa mjazaji anayetaka kuiuza tena. Uzime kabla ya kuweka katriji mpya, kwa sababu iliyokwisha kufungwa haifunguki hata mpangilio ukizimwa baadaye.